Jaji mmoja amefuta ushindi wangu wa mahakama mbili. Je, Jaji Mkuu anaweza kuurudisha?

Swali: Shikamoo wakili. Baba yetu alifariki 2021. Kikao cha ukoo kilinipendekeza niwe msimamizi wa mirathi na Mahakama ya Mwanzo ikaniteua. Baba mdogo akapinga, nikamshinda. Akakata rufaa Mahakama ya Wilaya, nikamshinda tena. Akaenda Mahakama Kuu, na wiki mbili zilizopita jaji mmoja, peke yake, amefuta kila kitu bila kusikiliza hata shahidi mmoja. Mtu mmoja anapata wapi mamlaka hayo? Katiba si inasema mahakama zisifungwe na mambo ya kiufundi? Ndugu wananishauri nimwandikie Jaji Mkuu, wengine wanasema niende kwa Mkuu wa Mkoa. Nimeambatanisha hukumu na mwenendo wa shauri. Msomaji, Kilimanjaro.

Jibu: Marahaba binti yangu, na pole kwa msiba na kwa miaka yote hii ya kupanda na kushuka ngazi za mahakama.

Nimesoma karatasi ulizotuma, zote. Nianze na jambo ambalo naona hakuna aliyekueleza siku ile hukumu iliposomwa: baba yako mdogo hajashinda. Jaji hakusema yeye ndiye awe msimamizi, wala hakusema wewe hufai. Alisema Mahakama ya Mwanzo haikuwa na mamlaka ya kusikiliza mirathi ya baba yako tangu mwanzo, kwa hiyo kilichofanyika pale, na kilichofanyika Wilaya juu yake, ni batili. Kila upande ubebe gharama zake, na anayetaka aende kwenye mahakama yenye mamlaka. Hukumu hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, ingawa tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, na nadhani nusu ya uchungu wako imetokana na hapo. Mtu anasikia kesi imefutwa, anamwona mpinzani wake anatoka akitabasamu, anajua ameshindwa.

Sasa swali lako la mtu mmoja. Nazungumzia Tanzania Bara, maana Zanzibar ina Mahakama Kuu yake. Kwetu rufaa nyingi za Mahakama Kuu husikilizwa na jaji mmoja, na huo ndio utaratibu wa kawaida. Wanakaa watatu pale mtu anapopinga sheria kwamba inavunja haki za msingi za Katiba. Mahakama ya Rufani hukaa wasiopungua watatu, na inapotaka kuangalia upya msimamo wake yenyewe hukaa watano. Ila idadi ya vichwa siyo inayoleta mamlaka. Rufaa haihesabiwi kama mpira, kwamba una mawili na yeye ana moja basi kombe ni lako. Mahakama ya juu inapopokea jalada inauliza kama kazi iliyofanyika chini ilifanyika kwa mujibu wa sheria, na ikiona haikufanyika hivyo inaweza kuifuta hata kama ilipita mikononi mwa mahakimu kumi.

Kuna breki, na ni breki kali. Pale mahakama mbili za chini zinapokubaliana juu ya ukweli, mathalani kwamba kikao cha ukoo kweli kilikaa au kwamba saini ni ya marehemu, mahakama ya rufaa ya pili kwa desturi haigusi matokeo hayo, isipokuwa ushahidi umeeleweka vibaya kabisa au kanuni ya sheria imevunjwa. Sababu yake ni ya maana. Hakimu wa Mwanzo alimwona shahidi usoni, akamwona anavyosita na anavyojikanyaga. Jaji anaona maandishi tu. Ndiyo maana hakuita mashahidi wako. Kwenye rufaa jaji anasoma mwenendo, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakama za chini, anasikiliza hoja, basi. Kupokea ushahidi mpya ni jambo la nadra linalohitaji sababu nzito.

Na jaji wako breki hiyo ameiheshimu. Hakugusa suala la nani mkweli kati yako na baba mdogo. Amegusa suala la mamlaka, na hilo halina breki: linaweza kuibuliwa hatua yoyote, hata kwenye rufaa ya mwisho, hata kama hakuna aliyewahi kulitaja. Mahakama haijipi mamlaka, na nyinyi wenye kesi hamwezi kuipa kwa kukubaliana. Sheria ya Mahakama za Mahakimu imeiruhusu Mahakama ya Mwanzo kusimamia mirathi pale sheria inayotumika ni ya mila au ya Kiislamu. Nje ya hapo haina la kufanya, hata hakimu awe mwadilifu kiasi gani na hata ukoo mzima uwe umeridhia.

Fungua ukurasa wa pili wa mwenendo wa Mahakama ya Mwanzo, palipoandikwa SM1, yaani shahidi wa kwanza. Huyo ni wewe. Hakimu ameandika kwa mkono maneno yako: baba alifunga ndoa kanisani, alikuwa mtumishi wa serikali, aliishi mjini na familia yake mpaka alipostaafu, watoto wote tumebatizwa. Uliyasema kwa nia njema ukimweleza baba yako alikuwa mtu gani. Jaji ameyachukua maneno hayohayo. Kuwa Mkristo peke yake hakutoshi kuiondoa mirathi kwenye mila, na jaji amelisema hilo wazi. Kinachotazamwa ni namna marehemu alivyoishi na alivyotaka mambo yake yaendeshwe. Akapima, akaona maisha ya baba yako hayakuwa ya kuongozwa na mila. Unaweza usikubaliane na kipimo chake, lakini huwezi kusema amekitoa hewani.

Kuhusu Katiba, umeisoma vizuri. Ibara ya 107A(2)(e) inazitaka mahakama kutenda haki "bila ya kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki kutendeka." Nimeona mawakili wenzangu wakiikimbilia ibara hiyo kila wanapokosea jambo, na majaji wamekuwa wakiwajibu kwa subira. Ufundi ni kukosea namba ya kifungu, kutaja tarehe vibaya, kuita hati jina lisilo lake. Mamlaka ya mahakama siyo ufundi. Hakimu asiye na mamlaka akitoa uamuzi, hata uwe wa haki namna gani, ni maoni ya mtu aliyekaa kwenye kiti.

Kuna kitu kimoja ambacho kingeweza kuiangusha hukumu hii, nami ndicho nilichokitafuta kwanza. Suala la mamlaka hakuliibua baba mdogo. Aliliibua jaji mwenyewe. Jaji anaruhusiwa kufanya hivyo. Asichoruhusiwa ni kuliibua peke yake ofisini wakati anaandika hukumu, akalijibu mwenyewe, akawasomea matokeo. Lazima awaite wenye kesi wajieleze kwanza. Mahakama ya Rufani imefuta hukumu nyingi za majaji kwa kosa hilo tu, bila hata kujali kama jaji alikuwa sahihi kwenye jambo lenyewe, kwa sababu haki ya kusikilizwa haisubiri kuonekana kama ungekuwa na la maana la kusema.

Jaji wako aliwaita. Iko kwenye hukumu: aliwarudisha mbele yake, akawauliza kama Mahakama ya Mwanzo ilikuwa na mamlaka. Wakili wa baba mdogo alijibu kwa vifungu. Wewe ukajibu, "Naiachia mahakama." Jibu hilo nimelisikia mahakamani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na linaniuma kila mara. Mtu analitoa kwa heshima, lakini kwenye jalada linasomeka kwamba alipewa nafasi na hakuwa na hoja. Siku nyingine jaji akikuuliza jambo usilolielewa, omba muda ukatafute ushauri. Ni ombi la kawaida kabisa.

Tuje kwa Jaji Mkuu. Ni kiongozi wa Mahakama nzima na mkuu wa Mahakama ya Rufani. Anapanga majaji, anatunga kanuni, ana sauti katika Tume ya Utumishi wa Mahakama, ile inayomshauri Rais kabla hajateua majaji wa Mahakama Kuu. Lakini hana uwezo wa kuchukua hukumu ya jaji, hata wa Mahakama Kuu, akaifuta kwa barua. Njia pekee ya yeye kuigusa hukumu yako ni awe mmoja wa majaji wanaosikiliza rufaa yako, na hapo kura yake ni moja. Wenzake wawili wakiona tofauti, uamuzi ni wao. Jaji Kiongozi, yule anayeiongoza Mahakama Kuu, naye ni vivyo hivyo.

Wengi hawaliamini hili kwa sababu ofisi nyingine zote za umma haziko hivyo. Mkurugenzi anaweza kutengua alichosaini mkuu wa idara, waziri anaweza kumrudisha nyuma mkurugenzi. Kwa mahakama, Ibara ya 107B inasema mahakama zote "zitakuwa huru na zitalazimika kuzingatia tu masharti ya Katiba na yale ya sheria za nchi." Zote, maana yake hata ya Mwanzo, na huru hata dhidi ya wakubwa walio ndani ya Mahakama yenyewe. Jaji anayeandika hukumu hamwombi mtu kibali. Jaji Mkuu angekuwa na uwezo wa kufuta hukumu kwa barua, basi mwenye mkono mrefu zaidi ndiye angepata barua hiyo kwanza, na sidhani kati yako na baba mdogo ungekuwa wewe.

Si kwamba barua za malalamiko hazina kazi. Hukumu ikichelewa miezi na miezi, jalada likipotea, karani akidai chochote ili upewe nakala, andika kwa Jaji Mfawidhi, yaani jaji anayeongoza Mahakama Kuu katika kanda yenu. Na kwa mashauri ya mahakama za chini, malalamiko yaliyoandikwa vizuri yanaweza kuifanya Mahakama Kuu iitishe jalada yenyewe na kulifanyia mapitio, hata kama hujakata rufaa. Sheria imeipa uwezo huo wa usimamizi. Lakini nguvu hiyo inashuka chini kuelekea kwa mahakimu. Uamuzi wa Mahakama Kuu husahihishwa na Mahakama ya Rufani pekee, au na Mahakama Kuu yenyewe ikiombwa kuutazama upya kwa sababu chache sana, kama kosa lililo wazi juu ya karatasi.

Mkuu wa Mkoa? Najua wazo hilo limetoka wapi, na si la kipuuzi. Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya mwaka 2011 imeunda kamati za maadili za mahakimu, ya mkoa ikiongozwa na Mkuu wa Mkoa na ya wilaya ikiongozwa na Mkuu wa Wilaya. Watu wakasikia hivyo wakadhani viongozi hao wanaweza kugeuza hukumu. Kamati hizo zinaangalia mwenendo wa hakimu: ulevi kazini, lugha chafu, kujificha na upande mmoja. Haziangalii kama hukumu ni sahihi, na haziwahusu majaji, ambao wana kamati yao. Mimi binafsi sijawahi kuupenda mpango wa kiongozi wa kisiasa kukalia kiti hicho, lakini hata kwa sheria ilivyo, akikuahidi kuirudisha hukumu yako atakuwa anakuahidi asichonacho. Rais mwenyewe, mwenye uwezo wa kumsamehe aliyehukumiwa kifungo, hawezi kukupa ushindi wa mirathi.

Kumwondoa jaji kazini nako kuna mlango wake, tena mwembamba. Ibara ya 110A inamtaka Rais aunde tume ya uchunguzi ambayo angalau nusu ya wajumbe wake ni majaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola, na jaji huondolewa tume ikishauri hivyo. Kukosea sheria hakumwondoi mtu kwenye ujaji. Kungekuwa kunamwondoa, kila jaji angeandika hukumu akimwangalia anayeweza kukasirika.

Pamoja na hayo yote, jaji si mungu wa chumba kile. Anafungwa na maamuzi ya Mahakama ya Rufani hata asipoyapenda. Anafungwa na yaliyomo ndani ya jalada. Anachokijua nje ya jalada hakimsaidii mtu. Lazima aandike sababu, na sababu hizo ndizo zinazompa aliyeshindwa mahali pa kushikia. Hata akiwa na ujasiri wa kubadili mambo makubwa, anaishia mahali. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya alikuwa na rufaa kutoka Muleba ya mama aliyeuza shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake kwa wosia, kwa shilingi 300,000. Mwanaume wa ukoo alidai mila za Kihaya hazimruhusu mwanamke kuuza. Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia, Wilaya ikakataa, na Jaji Mwalusanya akasema kanuni inayomruhusu mwanaume kuuza na kumzuia mwanamke inapingana na Katiba na mikataba ya haki za binadamu. Ulikuwa uamuzi wa kishindo, tena Hati ya Haki za Binadamu, ile sehemu ya Katiba yetu inayolinda haki za msingi, ilikuwa na miaka miwili tu tangu ianze kutumika mahakamani. Lakini hakuifuta haki ya ukoo kukomboa shamba lake. Alimpa mlalamikaji miezi sita akitaka alikomboe kwa shilingi 300,000 zilezile. Na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilipokubali katika kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi kwamba vifungu vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa chini ya miaka 18 vinavunja Katiba, haikukaa chini kuandika vifungu vipya. Kuandika ni kazi ya Bunge.

Kesi ya Muleba sijaitaja kupamba jibu. Inakuhusu zaidi ya unavyodhani. Ungebaki kwenye sheria ya mila, kanuni za urithi zilizotangazwa mwaka 1963 zinawaweka mabinti daraja la tatu, nyuma ya watoto wa kiume, na suala la shamba la ukoo lingekufuata kila hatua. Jaji aliposema baba yako hakuishi kimila, amekupeleka kwenye sheria nyingine: Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo, ndiyo, bado inatumika kwetu. Chini ya sheria hiyo mjane hupata theluthi moja, na theluthi mbili zinagawanywa sawasawa kwa watoto, wa kike na wa kiume. Ndugu wa marehemu, akiwamo baba mdogo, hapati kitu pale marehemu ameacha watoto. Sijui kama wakili wake alimweleza hilo kabla ya lile tabasamu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usikate rufaa. Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo haliendi Mahakama ya Rufani mpaka Mahakama Kuu ikupe cheti kwamba kuna hoja ya kisheria, na sioni hoja ambayo jaji ameiacha wazi. Hata ukishinda, mtarudishwa kulekule kubishania mamlaka. Fungua maombi mapya ya usimamizi wa mirathi Mahakama Kuu, au kwa hakimu mkazi aliyepewa mamlaka hayo, kutegemea thamani ya mali na kama kuna anayepinga. Nenda na cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa ya wazazi. Baba mdogo anaweza kuweka pingamizi, na safari hii atalazimika kueleza anadai kama nani.

Ukiona bado unataka rufaa, usipoteze siku kwa barua ya kwenda kwa Jaji Mkuu. Itajibiwa kwa adabu kwamba ufuate taratibu, na wakati unasubiri jibu muda utakuwa umekwisha. Notisi ya rufaa na maombi ya cheti ni ndani ya siku 30 tangu hukumu, na wiki mbili umeshazitumia. Barua inayokufaa ni ya kwenda kwa Msajili, kuomba nakala za mwenendo, hukumu na amri, nayo iandikwe ndani ya siku hizohizo 30 na nakala yake apewe baba mdogo, ili siku za kusubiri nyaraka zisihesabiwe dhidi yako. Ukichelewa utatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa, moja baada ya nyingine, na "nilikuwa nasubiri jibu la barua" haijawahi kuwa maelezo mazuri.

Jambo la haraka kuliko yote: ile fomu ya usimamizi uliyopewa na Mahakama ya Mwanzo haina nguvu tena tangu siku hukumu iliposomwa. Usitoe fedha benki kwa kuitumia, usimpangishe mtu nyumba kwa saini ya msimamizi, na kama kulikuwa na mnunuzi wa kiwanja mliyekuwa mnazungumza naye, msimamishe leo. Kodi za wapangaji ziendelee kuingia kwenye akaunti ya marehemu, au mama azipokee kwa maandishi, mpaka msimamizi mpya ateuliwe.